Kaburi la Nje ya Minyaa

Jumatatu, Bweri, Musoma.

Mvua imetishia tangu asubuhi, ikaenda zake kunyeshea ziwani. Nguo nilizofua zimekauka kitambo na bado ziko kambani. Mimi nimekaa uani kwenye kigoda, sina hamu ya kuzianua. Shuleni niliomba ruhusa, nikasema naumwa. Siumwi popote. Naona aibu tu.

Nimemharibia shangazi yangu.

Sentensi hiyo nimeiandika, nikaifuta, nikaiandika tena. Basi ikae. Mnaonisoma hapa mmezoea nilalamike kuhusu umeme na wanafunzi wasioleta kazi, leo mnivumilie. Majina ya watu nimeyabadilisha, ingawa wenyewe watajijua, na video iliyosambaa imeshawajulisha wengine wote.

Shangazi Nyangeta ni dada yake marehemu baba. Ana miaka themanini na kitu. Mguu mmoja unamsumbua, mdomo haumsumbui hata kidogo. Aliolewa Suguti. Mume alipofariki, ndugu za mume wakamwambia kwa adabu zao zote kwamba hana mtoto pale, kwa hiyo hana kazi pale. Akarudi Butiama nyumbani kwa baba yake akiwa na sufuria, godoro na mbuzi. Baba mkubwa Wambura, ndugu yake anayemfuata kuzaliwa, akampa chumba na kipande cha kulima. Akampa na neno lingine ambalo shangazi alilithamini kuliko chumba: kwamba akifa, atalazwa ndani ya boma, pembeni ya baba yake.

Mtu wa mjini anaweza asielewe. Mwanamke wa kwetu aliyerudi kutoka kwenye ndoa hana mahali pa kuzikwa mpaka apewe. Shangazi alikuwa amepewa. Alikuwaga anapaonyesha kabisa kwa fimbo, hapa kichwa, hapa miguu, na anatucheka tukikasirika.

Sasa niseme lilianzia wapi.

Mimi nafundisha Jiografia, lakini mwenzangu wa Historia alikwenda likizo ya uzazi, nikabebeshwa vipindi vyake. Tulifika kwenye biashara ya watumwa. Nikachora ramani ubaoni: Ujiji, Tabora, Bagamoyo, Kilwa, Zanzibar, mishale mizuri yote inaelekea pwani. Msichana mmoja akauliza, "Madam, na Musoma je? Si na sisi tuna bandari?" Nikamjibu bila hata kugeuka kutoka ubaoni. Huku hayakuwepo hayo. Huku ni ziwani, watu walivua na kulima, watumwa ni habari za pwani. Kengele ikalia na mimi nikajisahau.

Ijumaa hiyo nilikwenda Butiama, nikamsimulia shangazi kama kichekesho, jinsi watoto wa siku hizi wanavyotaka kila kitu kiwe kimetokea kwao. Alikuwa anapepeta ulezi. Hakucheka. Akaweka ungo chini.

"Umemdanganya mtoto wa watu," akasema. "Bibi yetu, aliyemzaa baba yetu, alinunuliwa."

Alisema hivyo hivyo, kama anavyosema fulani alikuwa mrefu.

Nitaandika alivyonieleza, bila kuongeza. Ilikuwa njaa, tena njaa ya kweli, ya watu kuchemsha ngozi za kulalia. Kwao bibi ni ng'ambo ya ghuba, huko ambako ardhi inaingia ziwani kama kidole. Alikuwa mtoto wa kike ambaye meno ya utoto bado yalikuwa yanang'oka. Watu wa nchi kavu walikuwa wanashuka ufukweni na mtama, watu wa ziwani wanakuja na samaki wakavu, wanabadilishana. Samaki walipokosa wa kuwavua, maana wenye nguvu walikuwa wamekwisha, watu wakaanza kuja na watoto. Baba yake alimpakia kwenye mtumbwi, akamvusha, wakashukia hapo hapo ambapo leo tunashushia dagaa, chini ya Mwigobero. Baba akarudi na kikapu cha mtama. Mtoto akabaki.

"Alikuwaga anasema baba yake hakugeuka nyuma," shangazi akaniambia, "na alikuwaga anamsamehe, maana angegeuka wangekufa wote."

Kulikuwa na wengine ufukweni siku hiyo. Baadhi walichukuliwa na watu wa misafara waliokuwa wanapita na pembe, wakaelekea kusini, hawakusikika tena. Bibi aliona amepata bahati kwa kuwa aliyemchukua alikuwa mkulima wa Butiama. Akatembea nyuma yake mpaka nyumbani. Akalelewa hapo, akala chungu kimoja na wenzake, akakua, akawa mke wa kijana wa boma lile lile. Jina lake Nyafuru. Alizaa mtoto mmoja wa kiume, na huyo ndiye babu yangu mimi.

Hakuna aliyemfunga kamba. Hakuna aliyempiga, labda kama walivyopigwa wengine. Ndiyo maana ukiwauliza watu wa kwetu habari za utumwa watakuapia hatukuwa nao, na watakuwa hawasemi uongo kwa wanavyoona wao. Ila Nyafuru hakutolewa ng'ombe wa mahari hata mmoja. Kwetu ng'ombe ndio wanaosema huyu mwanamke ana kwao, ana kaka zake, akinyanyaswa kuna watu watapiga hodi. Yeye hakuna ambaye angepiga hodi.

Shangazi alinisimulia jambo moja ambalo limenikaa kifuani. Babu alipokuwa anaoa, ikafika zamu ya mbuzi wa mjomba. Kaka wa mama wa bwana harusi lazima aje achukue mbuzi wake, bila hivyo shughuli haiendi. Mbuzi akafungwa mtini. Watu wanatazamana. Mjomba hayupo na hajawahi kuwepo. Nyafuru akainuka kutoka jikoni, mikono ina unga, akaenda akafungua ile kamba mwenyewe, akakaa na mbuzi wake mahali pa mjomba mpaka shughuli ikaisha. Hakuna mtu aliyethubutu kumwambia kitu.

Jamani, nimesoma mpaka chuo na hakuna mtu kwenye kitabu chochote niliyempenda kama nilivyompenda mwanamke huyo pale pale kwenye kigoda.

Alipokufa, ikawa shida nyingine. Mke hafukiwi kabla watu wa kwao hawajafika kumtazama. Sasa wa kwao ni nani, na wataitwa kutoka wapi? Wazee wakakosa pa kuanzia, wakamzika nje ya ua wa minyaa unaozunguka boma, kando ya njia ya kwenda mtoni, wakasema ni kwa muda. Ule muda haujaisha mpaka leo. Mimi nimekua nikiliruka lile tuta la mawe nikienda kuchota maji. Nilidhani ni mpita njia fulani aliyefia hapo. Sikuwahi kuuliza, na nilikuwa mtoto wa kuuliza mpaka nachapwa.

Jumatatu yake nilipita Mwigobero kununua dagaa. Nikasimama kidogo nikatazama maji. Kuna choo cha kulipia, kuna vijana wa bodaboda, kuna kina mama wanaanika dagaa kwenye nyavu chakavu. Hakuna kibao, hakuna jiwe, hakuna chochote kinachosema kwamba hapa mtoto alibadilishwa kwa kikapu. Nilisubiri nilie, sikulia. Nikanunua dagaa nikaondoka.

Mwezi huu ukoo ulikubaliana kujengea makaburi. Siku hizi ndiyo mtindo, kila boma linataka marehemu wake walale kwenye saruji na marumaru, padri aje abariki, watu wale. Tukachangishana kwenye kundi la wasapu. Shangazi, ambaye hana simu ya hivyo, akanishika mkono siku moja. Alitaka Nyafuru naye ajengewe. Kila masika maji ya njiani yanamla, alisema, mawe yanaondoka moja moja, na baada yake yeye hakuna atakayejua kama pale kuna mtu.

"Wewe una mdomo," akaniambia. "Niongelee. Lakini siyo hotuba. Saruji tu."

Nilimsikia vizuri. Nataka hilo lieleweke. Hakuna aliyeweza kuniambia kwa uwazi zaidi.

Nikamfuata baba mkubwa Wambura. Akanisikiliza mpaka mwisho, akakataa. Alinikalisha kama mtoto akanieleza mambo ambayo nilipaswa kuyajua. Babu mkuu alikuwa na wake wawili. Mmoja alitolewa ng'ombe, na hao ndio wanaoitwa nyumba kubwa, anaowaongoza Mzee Magesa sasa hivi. Mwingine ni Nyafuru, na hao ndio sisi. Wazee wa pande zote wanajua. Wamenyamaza wote, na katika kunyamaza huko sisi tumelima, tumejenga, tumezikana kama watoto wa mtu mmoja. "Halijawahi kusemwa kikaoni," akasema. "Likisemwa kikaoni linakuwa kesi. Likiwa kesi lazima liamuliwe."

Nilimwona mwoga. Nilikwenda nikamwambia shangazi kabisa kwamba kaka yake anaogopa kivuli chake mwenyewe.

Kumbe shangazi mwenyewe alikuwa ameshapanga, na alipanga kwa akili. Alizungumza na fundi. Makaburi ya ndani yakiisha, saruji haiwezi kukosa kubaki, na vipande vya marumaru vilivyovunjika ni vya kutupwa. Fundi akitoka kuelekea mtoni kuosha vyombo vyake, atapitia kwa Nyafuru. Padri naye gari lake litaegeshwa upande ule, kwa hiyo njia yake ni hiyo hiyo na ndoo ya maji ya baraka bado iko mkononi mwa katekista. Hakuna wa kutangaza wala wa kuomba kibali. Baba mkubwa alipoelezwa akakohoa, akasema yeye siku hiyo atakuwa na wageni wengi, hawezi kuona kila kitu. Kwa lugha ya baba mkubwa hiyo ni ndiyo.

Na ikawa hivyo. Jumamosi ilikuwa siku nzuri, jua la wastani, misa ikaenda vizuri, makaburi ya ndani yakang'aa kama vyoo vya hoteli. Baada ya baraka nikamwona padri anatoka nje ya ua kwa ile njia ya mtoni. Shangazi amesimama pale mapema, na kanga yake mpya, anamsubiri. Tuta la mawe halikuwepo tena. Kulikuwa na kaburi dogo la saruji mbichi lenye vipande vya marumaru vya rangi tatu tofauti, vimepangwa vizuri ajabu. Padri akauliza, "Na huyu ni nani?" Shangazi akasema, "Bibi yetu, Baba." Padri akanyunyiza maji, akasali, akaingia kwenye gari.

Basi. Liliisha pale. Baada ya miaka yote ile liliisha, bila mtu kuumia. Ningekula wali wangu nikarudi Bweri.

Baada ya chakula zikaanza hotuba.

Mzee Magesa alisimama kwanza. Siwezi kusema alikuwa na nia mbaya. Ni mzee anayependa kipaza sauti, kama mimi. Akaanza kutaja mababa mmoja baada ya mwingine, akafika kwa bibi yake, akaeleza ng'ombe walivyoingia bomani siku anaolewa mpaka wakakosa pa kusimama. Kisha akasema, sisi ukoo huu ni damu safi, hatukuokota mtu njiani. Wanawake wakapiga vigelegele. Nikageuka kumtazama shangazi. Alikuwa anakula, taratibu, kama hakusikia.

Mshereheshaji akanipa kipaza sauti niseme asante kwa niaba ya wajukuu. Asante tu. Nilikuwa nimeandaa maneno machache na shairi la kuchekesha kuhusu fundi.

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nikasema tunaye bibi mwingine ambaye Mzee hakumtaja. Nikasema yuko nje ya minyaa, hamkumpa hata nafasi ya kulala. Nikasema alinunuliwa hapo Musoma kwa kikapu cha mtama akiwa hajamaliza kung'oa meno, na kwamba nusu ya waliokaa kwenye viti hivi ni wajukuu zake. Nikasema neno utumwa. Nililisema mara kadhaa, maana nilikuwa nalijua vizuri, nilikuwa nimelifundisha. Nikasema Butiama na Musoma tunajifanya hayo ni mambo ya pwani huku tumeyaficha chini ya mawe. Sauti yangu ilikuwa inatetemeka vizuri kabisa.

Kijana mmoja alikuwa anarekodi. Wageni wa kutoka Mwanza wakapiga makofi. Upande wa wazee palikuwa kimya, mpaka mtu wa muziki akaona bora aweke wimbo wa kwaya.

Nilijisikia vizuri. Nikiri hilo hapa, maana ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilikaa chini mwili mwepesi, nikajiona nimemkomboa mtu.

Nikamtafuta shangazi kwa macho. Alikuwa amejifunika kanga kichwani na sahani yake bado ina nyama.

Jana Jumapili, tukiwa tunakunywa chai, Mzee Magesa akaja na wazee wawili. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nikiwa na majibu yangu yote. Hakuja na ugomvi. Akasalimia kila mtu, akauliza mguu wa shangazi, akakubali chai. Kisha akasema kwa upole kabisa, "Sisi hatukulisema. Tumekaa nalo tangu wazee wetu, hatukulisema. Limesemwa na wenyewe, mbele ya watu, na mbele ya wageni."

Yaliyofuata aliyasema kama mtu anayesoma matangazo ya misa. Waliolazwa ndani ya boma watabaki walipo, hakuna wa kumsumbua marehemu. Lakini kwa kuwa sasa imejulikana kuna nyumba mbili, na nyumba moja haina ng'ombe ndani ya boma hili, hiyo nyumba itafute mahali pake pa kuzikia, ng'ambo ya mto. Mipaka ya mashamba itaangaliwa baadaye. Kikao cha ukoo kitaketi baada ya mavuno ya mtama kulipitisha rasmi. Mpaka siku hiyo mambo yaendelee kama yalivyokuwaga.

Wote pale tulijua ni nani wa kwanza kupelekwa huko. Hakuna mtu mzee kuliko shangazi katika nyumba yetu.

Nikajitupa katikati. Nikasema Mzee, nisamehe, nilikuwa nimechoka, sina uhakika na nilichosema, ni hadithi tu za kusikia. Ndiyo, nilimkana Nyafuru, siku moja baada ya kumtangaza. Mzee Magesa akanitazama kwa huruma. "Mwalimu," akasema, "mbona shangazi yako alimwonyesha padri kaburi?"

Baba mkubwa alinitazama mara moja tu, akarudi kwenye kikombe chake. Afadhali angenitukana.

Kaka yangu Deo akapiga simu kutoka Bunda kabla hata sijavaa viatu. Kijana wake yuko kwenye mazungumzo ya kuoa, na upande wa msichana umeona video. Hawajakataa, wameomba tu kupumzisha mazungumzo kwanza. Deo ni mpole lakini jana alinifokea mpaka nikaweka simu mbali na sikio. Mwishoni akaniuliza taratibu, "Dada, hivi ulikuwa unamkomboa nani?"

Jibu? Nimelitafuta tangu jana.

Nilimfuata shangazi jikoni. Alikuwa anasugua sufuria la shughuli kwa majivu. Nikapiga magoti, nikasema shangazi nisamehe. Akaendelea kusugua. Baadaye akasema, "Mimi nilikuomba saruji."

Basi, hakuongeza. Na kwa mtu mwenye mdomo kama wake, kule kutoongeza ndiko kulikonimaliza.

Kabla sijaondoka akachukua fimbo yake, akaniambia nimsindikize. Tukatoka nje ya ua mpaka kwa Nyafuru. Fundi alikuwa amefunika saruji kwa magunia yaliyolowa ili isipasuke. Shangazi akayagusa, akaona yameanza kukauka, akanituma maji mtoni. Nikamwagia. Akasimama pembeni, akapima kwa fimbo, hapa kichwa, hapa miguu. Akasema panatosha.

Nikaanza tena. Nikasema hatukubali, shangazi, tutakwenda kata, tutakwenda mahakamani, siku hizi kuna sheria, hakuna mtu anayeweza kukunyima kulala kwa baba yako kwa sababu ya mambo ya zamani hizo.

"Utasema tena?" akaniuliza.

Nikaweka ndoo chini.

Tukakaa pale kwenye majani. Akaniambia alipokuwa mdogo alikuwaga analala na bibi yake kitanda kimoja, yeye upande wa ukutani, bibi upande wa mlango, ili mtu akiingia amkute bibi kwanza. Akasema sasa wanaweza wakabadilishana, yeye alale upande wa njia. Nikamwona kama anatabasamu, nikaanza kupata nafuu, nikadhani ananisamehe, mambo yamekaa sawa.

"Lakini mimi nilitaka kwa baba," akasema.

Akajipangusa pua na ncha ya kanga. Nimemjua mwanamke huyu maisha yangu yote na sijawahi kumwona analia. Hata jana nilitazama mtoni, ili nisimwone.

Leo simu yangu haitulii. Ile video imeruka mpaka kwa watu nisiowajua. Wananiita shujaa, wananiita sauti ya wasio na sauti. Kuna mtu ameniomba niende kuzungumza kwenye semina. Wengine wananiuliza kama kuna picha za Nyafuru. Wote hawa hawamjui shangazi na hawatahudhuria mazishi yake. Nimewaza kuwajibu, nikaona jibu lolote litakuwa hotuba nyingine.

Na bado siamini kwamba alichotendewa Nyafuru kilistahili kufichwa. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Yule mtoto aliyeniuliza darasani alikuwa na haki ya kujibiwa. Mtu fulani ilibidi aseme. Ila niliyesema sikuwa na cha kupoteza. Mimi nina kiwanja changu Bweri, nina mshahara, nina ardhi ya kuzikiwa popote nitakapotaka. Nilitumia kilichokuwa cha shangazi, tena kilikuwa cha mwisho, na sikumwomba.

Jioni hii nimempigia kwa simu ya baba mkubwa. Nilitegemea anikwepe. Akapokea kwa sauti ya kawaida, akauliza kama huku mvua imenyesha, akalalamika kwamba magunia yanakauka upesi na mguu wake unakataa kufika mtoni. Nikamwambia kesho alfajiri nakuja kumwagia, nitakuwa namwagia kila siku mpaka fundi aseme inatosha. Akasema njoo, na ulete sukari.

Kisha akaniambia amefikiri. Mzee Magesa mwenyewe alisema mpaka kikao kikae, mambo ni kama zamani. Kwa hiyo mtu akifa kabla ya mavuno anazikwa ndani, kwa baba yake, na hakuna wa kumtoa.

"Sasa na mimi naomba nife kabla ya mtama," akasema, akacheka kile kicheko chake cha kukohoa. "Niombee na wewe."

Nikamjibu, acha mambo yako shangazi, nikacheka na mimi, tukaagana.

Kwenye nyumba za jirani wameanza kuwasha taa. Nimetoka jana Butiama, mtama umeshaanza kutoa vichwa. Mimi huwa nasali kabla sijalala, hata nikiwa nimechoka vipi. Leo nimejaribu mapema, hapa hapa kwenye kigoda, nikaanza vizuri na jina la Baba, nikafika kwa shangazi, nikakwama. Ee Mungu, nikuombe umwache, au nikuombe umchukue?